Binti yangu ananiuliza nani anamshukuru mama aliyemzaa, nimjibu nini?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Kimara na mume wangu, tuna binti mmoja tuliyemuasili, ana miaka 14 yuko kidato cha pili. Tulimpokea ana miezi 9 kutoka makao ya watoto hapahapa Dar, kwanza malezi ya kambo alafu mahakama ikatoa amri. Mwaka jana tulimweleza ukweli, alilia ila baadae akatulia. Sasa Siku ya Mama kanisani watoto waliitwa mbele watupe maua, akanipa la kwangu vizuri tu, jioni tunaosha vyombo ananiuliza "na yule mama mwingine, leo nani kampa ua?" Nilikosa jibu. Kwenye faili tulisomewa kwamba mama yake alikuwa na miaka 17, dada wa kazi, alimlea miezi minne na kidogo ndo akaenda mwenyewe ustawi wa jamii akasaini kumtoa. Aliacha kadi ya kliniki na kanga moja imeandikwa NANI KAMA MAMA, vyote viko kabatini kwangu binti hajawahi kuviona. Mimi namshukuru sana yule msichana, bila yeye nisingeitwa mama, ila naogopa nikianza kumwongelea binti atamtamani yeye aniache mimi. Mama mkwe anasema aliyetupa mtoto hashukuriwi, kuzaa si kazi kazi kulea. Nilitaka niipige picha ile kanga niiweke Instagram labda atajitokeza nimpe hata hela kidogo ya asante. Nishauri mama yangu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hilo swali la kwenye beseni la vyombo. Watoto wa umri huo ndo zao, wanauliza mambo mazito wakati mikono iko kwenye povu na hakuna anayemtazama mwenzie usoni. Hakukosea kuuliza na wewe kukosa jibu palepale sio kosa, ila jibu analisubiri, na ukikaa kimya muda mrefu atajifundisha mwenyewe kwamba hilo jambo halitajwi nyumbani kwenu, akishajifundisha hivyo hatakuuliza tena, atauliza wengine.

Mimi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Dar mpaka nikastaafu, nimekaa na akina mama waliotoa watoto, nimekaa na waliowapokea, na watoto wenyewe wakishakuwa watu wazima wanarudi wanakaa kwenye kiti kilekile wanauliza. Kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona na kwa sheria ilivyo, na naanza na lile ninaloliona kubwa kuliko yote.

Hiyo shukrani unayoisikia moyoni ni ya kwako wewe. Ni nzuri na ni ya kweli, usiione aibu, ila usimtwishe mtoto. Wewe katika habari hii ulipata mtoto. Yule msichana alipoteza mtoto. Binti yako yeye alipoteza kwanza ndo akapata, tena aliyempoteza ni mtu ambaye harufu yake na sauti yake alikuwa ameshaizoea miezi minne. Sasa mzazi akikaa na mtoto akamwambia "inabidi tumshukuru sana mama yako aliyekuzaa", anaona anafanya jambo la heshima, lakini kwa upande wa mtoto anaambiwa ashukuru kwa siku aliyoachwa. Wapo watoto wanaitikia "ndio mama" alafu wanaenda kulia chooni, manake wanaona huzuni yao haina nafasi, nyumba nzima inashangilia kitu ambacho wao kinawauma. Na baadae anakua anajiona ana madeni mawili, la kumshukuru aliyemzaa kwa kumtoa na la kukushukuru wewe kwa kumpokea, wakati yeye hakuomba chochote katika hayo.

Kwa hiyo ukiongea nae tumia "mimi". Mwambie kwa mfano, "lile swali lako la siku ile nimelifikiria. Mimi huwa namkumbuka mama aliyekuzaa, na siku kama ile namshukuru kimoyomoyo na pia namuonea huruma. Wewe unajisikiaje sijui, na vyovyote unavyojisikia ni sawa, hata kama ni hasira." Alafu nyamaza. Usijaze ule ukimya, muache yeye aujaze akitaka, na asipotaka endeleeni na vyombo. Mkiwa ndani ya mwendokasi wiki ijayo anaweza akaongea bila hata kuulizwa.

Sasa twende kwenye kabati lako. Mwanangu hiyo kadi ya kliniki itoe leo, maana jibu la binti yako kwa sehemu kubwa liko mle. Nimeziona kadi za namna hiyo nyingi na nakuomba kabla hujampa kaa nayo wewe mwenyewe kwanza uisome taratibu. Angalia upande wa chanjo. Akizaliwa kuna BCG na matone ya polio. Alafu kuna chanjo tatu zinazofuatana ndani ya miezi minne ya kwanza. Wewe unasema alimlea miezi minne na kidogo, kwa hiyo kama hizo tarehe tatu zimejazwa basi amezijaza yeye. Angalia na grafu ya uzito, zile nukta za kila mwezi, kama mstari unapanda maana yake mtoto alikuwa anashiba, na aliyekuwa anamshibisha ni yeye. Kumbuka huyu ni msichana wa miaka 17 anayefanya kazi za ndani. Kwenda kliniki ni kuamka usiku amalize kazi za watu kwanza, aombe ruhusa kwa bosi wake, apande daladala na mtoto mgongoni, apange foleni tangu asubuhi mpaka mchana, na pale foleni akina mama wenzie wanamuangalia wanamuuliza baba wa mtoto yuko wapi. Akaenda hivyo hivyo. Na akarudi tena. Kuna wanawake watu wazima wenye waume na gari mlangoni ambao kadi zao zina mapengo.

Na kile kikovu cha BCG alichonacho binti yako begani mpaka leo akivaa nguo isiyo na mikono kinaonekana, siku kinachomwa alikuwa mikononi mwa mama aliyemzaa. Alafu angalia chini zaidi, chanjo ya surua ya miezi 9. Hiyo itakuwa mlimpeleka nyinyi, si ndo mlikuwa mmempokea? Kadi ni hiyo hiyo moja, imeanza na mama mmoja imeendelea na mwingine, katikati wapo wale dada wa makao ambao nao wanasahaulika sana kwenye hizi habari, walimbeba zaidi ya miezi minne usiku na mchana.

Ndo maana nasema ukitaka kumjengea mtoto heshima kwa mama yake, mpe vitu vilivyotokea. Mwambie "mama yako alikupeleka kliniki mara zote hizi, ona tarehe hizi hapa". Hicho kitu hakuna wa kukipinga. Hata huko shule mtu akimtania kwamba aliokotwa, yeye ana karatasi yenye muhuri.

Ila hapohapo uwe makini na ile kanga. Najua unavyotamani kusema, na mimi ningetamani, kanga imeandikwa NANI KAMA MAMA, mtu unaona kabisa ni ujumbe. Usiseme hivyo. Kanga ya maneno yale zimejaa Kariakoo na kila nyumba ina moja, inawezekana ndo aliyokuwa anabebea mtoto, inawezekana alipewa na bosi wake, inawezekana ndo kanga pekee aliyokuwa nayo na akaiacha mtoto asije akapigwa baridi, na kwangu mimi hilo la mwisho lingekuwa kubwa kuliko maneno yote yaliyochapwa pale. Mpe kanga, mwambie "hii ilikuja na wewe, sijui kwa nini aliichagua hii". Akitaka kuamini ni ujumbe, aamini yeye mwenyewe. Ukimtungia wewe leo, siku akija kukutana na mama yake akaambiwa "aah ile kanga ilikuwepo tu", atajiuliza ni mangapi mengine ulimtungia.

Kuna sentensi nyingine nzuri sana masikioni ambayo nakuomba uiache kabisa, ile ya "alikupenda sana ndo maana akakutoa". Wazazi wengi wanaoasili wanaisema na wanaisema kwa moyo mweupe. Lakini fikiria mtoto anaisikiaje. Kama aliyenipenda sana alinitoa, na wewe mama unasema unanipenda sana, je? Nimeona watoto wa miaka saba nane wanaanza kung'ang'ania miguu ya mama asubuhi akienda kazini, ukichimba unakuta wameunganisha hayo mawili. Tenganisha. Kumtoa kulikuwa na sababu zake, umri, kazi, hela, kukosa mtu wa kumshika mkono. Kupenda ni habari nyingine, na dalili zake ziko kwenye kadi.

Na lile la mama mkwe la "alimtupa", hilo ni uongo kabisa na ulisahihishe. Kutupa mtoto tunakujua, kwa bahati mbaya hapa mjini kila mara tunasikia kimeokotwa kichanga mtaroni, na hata huko sipendi kuhukumu haraka kwa sababu nyuma ya kile kichanga kuna msichana aliyejifungua peke yake gizani. Lakini huyu wa kwenu alitembea kwa miguu yake mpaka ofisi ya ustawi, akakaa akahojiwa, akataja jina lake, akasaini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya mtoto kuasiliwa, isipokuwa pale mahakama inapoona kuna sababu ya kuiondoa. Kwa hiyo mkono wake uko kwenye karatasi zilizowafanya nyinyi kuwa wazazi.

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naona watu hawapendi kupaongelea. Ridhaa ya msichana wa miaka 17 asiye na ndugu karibu ni ridhaa ya kisheria, sawa, lakini alikuwa anachagua kati ya nini na nini? Binti yako kazaliwa miaka kama kumi na minne iliyopita. Kipindi kile msichana akipata mimba akiwa shule anafukuzwa na ndo basi, ruhusa ya kurudi darasani baada ya kujifungua imekuja kutangazwa na serikali Novemba 2021, miaka mingi baadae. Sijui kama huyu alikuwa mwanafunzi kabla hajaja mjini kufanya kazi. Ila najua mahausigeli wengi wa umri ule niliokutana nao walikuwa wameletwa Dar wakiwa wadogo, mshahara unatumwa kwa mzazi au hautumwi kabisa, akionekana tumbo anaambiwa akusanye nguo zake. Aliyempa hiyo mimba wakati mwingine yumo ndani ya nyumba ileile na hatajwi. Kwa hiyo shukrani yako iache nafasi ya kusema pia "uliumizwa na ilitakiwa usaidiwe". Mtu anaweza kumshukuru mwenzie na papohapo akasikitika kwamba mwenzie hakupata njia nyingine.

Wenzetu wengine wamelijua hili wamechelewa. Australia kwa miongo mingi wasichana ambao hawajaolewa walikuwa wanabanwa mpaka wanasaini kutoa watoto wao, na wale watoto walipelekwa kwenye familia nzuri zilizowapenda na kushukuru. Tarehe 21 Machi 2013 Waziri Mkuu wao Julia Gillard akasimama kuwaomba radhi akina mama wale na watoto wao. Familia zilizowapokea hazikuwa na ubaya, lakini ile asante walioipokea wale akina mama miaka yote haikuwafuta machozi, walichokuwa wanataka ni mtu akiri kwamba walitendewa vibaya.

Sasa binti yako akishaona kadi na kanga inawezekana akakasirika. Anaweza akakukasirikia wewe kwa nini ulivificha, na hapo mwambie ukweli kwamba uliogopa, basi, usijitetee kwa maneno mengi. Anaweza akamkasirikia yule mama, akasema simtaki, mpelekee kanga yake. Usimkemee "usiseme hivyo kuhusu mama yako". Chukua kanga uifunge uiweke, mwambie ipo siku yoyote akiitaka. Na kuna neno moja nakuomba lisikutoke hata siku mmegombana vibaya, hata kama kafeli mtihani, hata kama karudi nyumbani saa tatu usiku, lile la "ungekuwa wapi bila sisi". Vijana niliokuja kuongea nao ukubwani waliolelewa vizuri kwa kila kitu, ada zimelipwa, chakula kipo, wanaikumbuka hiyo sentensi moja na siku iliyosemwa na nguo aliyokuwa amevaa mama.

Kuhusu hofu yako ya kwamba atakuacha. Kisheria kwanza nikutoe wasiwasi, amri ya kuasili ikishatoka haki na wajibu wote wa mzazi umehamia kwenu, yule mama hata akijitokeza kesho na mabegi hana madai ya kumchukua, binti ni wenu kana kwamba mmemzaa ndani ya ndoa yenu. Hilo ni la karatasi. La moyoni ni kwamba mtoto anayeruhusiwa kumtaja mama aliyemzaa mbele yako hana sababu ya kwenda kumtafuta kwa siri. Wanaopotea ni wale wanaoona hawawezi kuwa na wote wawili kwa hiyo inabidi wachague. Kumbuka alikupa ua lako kwanza, kwa furaha, ndo jioni akauliza la mwenzio. Hakukunyang'anya lako ampe yule. Hata baba yake mshirikishe asiwe anapita sebuleni kama hayamhusu, wasichana wanaangalia sana baba anasemaje kuhusu mwanamke aliyepata mimba akiwa mdogo, wanajua na wao wanasikilizwa hivyohivyo.

Mama mkwe sasa. Mheshimu, usibishane nae mbele ya mtoto, lakini muombe faragha wewe na mumeo, na mumeo ndo aanze kuongea maana ni mama yake. Kuzaa si kazi kazi kulea ni kweli, na hakuna anayekunyima heshima ya kulea miaka yote hii. Ila wahenga haohao ndo waliosema uchungu wa mwana aujuae mzazi. Na kwa kuwa ni mtu wa kanisa, mwombe asome tena Kutoka sura ya 2. Yokebedi alimficha Musa miezi mitatu, alipoona hawezi tena akatengeneza kisafina akakipaka lami akakiweka kwenye majani kandokando ya mto, na dada yake mtoto akasimama kwa mbali aone. Binti Farao akamchukua akamfanya mwanae. Hakuna mhubiri hata mmoja anayesema Yokebedi alimtupa Musa. Miezi mitatu yule, na huyu wa kwenu minne na kidogo, na kisafina cha huyu kilikuwa ofisi ya ustawi. Ninaowajibu ambao ni Waislamu nao wanajua Mtume Muhammad alinyonyeshwa na kulelewa na Bi Halima huku mama yake ni Bi Amina, na ukubwani alimheshimu Halima mpaka kumtandikia nguo yake akae, wala heshima ya mmoja haikupunguza ya mwingine. Na kwenye Uislamu mtoto unayemlea habadilishwi nasaba, anaendelea kuitwa kwa baba yake, kwa hiyo kumficha asili yake halina nafasi huko pia.

Kitu kingine mwambie bibi, kwa upole, ni kwamba sheria imewapa nyinyi wazazi mliomuasili kazi ya kumweleza mtoto kwamba ameasiliwa na asili yake, inataja maslahi ya mtoto na umri wa miaka 14, na haijampa mtu mwingine hiyo ruhusa. Kwa hiyo shangazi, binamu, jirani, hata yeye bibi, wasimwongezee habari zao. Akiuliza waseme "muulize mama na baba".

Instagram hapana. Mwanangu hapa naomba unisikie vizuri, usiweke kanga, usiweke picha ya mtoto akiwa mchanga, usiweke jina la mtaa aliokuwa anafanyia kazi yule mama. Fanya hesabu, alikuwa na miaka 17, leo ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Inawezekana ana mume na watoto ambao hawajui chochote. Inawezekana anaishi kijijini kwao na mama yake mzazi hajawahi kuambiwa. Wewe unaweka posti kwa nia njema, saa mbili baadae wameishea watu elfu kumi, wanaanza kumtukana mwanamke asiyejulikana kwamba ni katili, na yeye anaiona kwenye simu amekaa sebuleni na mumewe. Hiyo ndo ingekuwa asante yake? Alafu na binti yako, wenzake wa kidato cha pili wote wana simu au wana dada zao wenye simu. Habari hii ya asili yake ni mali yake, ataamua mwenyewe nani aijue.

Na hela pia hapana. Sheria inakataza malipo au zawadi katika kuasili mtoto, na mahakama kabla ya kutoa amri inataka kujiridhisha kwamba hakuna aliyelipa wala kulipwa. Kesi yenu ilishaisha, najua, lakini hela ikipita kati yako na yule mama leo hata kama ni ya sabuni, kuna siku mtu atasema mlimnunua, na atakayeumia na hilo neno ni binti. Pia hela inafungua mlango ambao huwezi kuufunga, leo asante kesho ada ya mdogo wake. Kama siku moja mkakutana kwa njia ya halali na mkajenga undugu, kusaidiana kutakuja kama kunavyokuja kwa ndugu wengine, huko mbele.

Kama binti mwenyewe atataka kumtafuta, na awe yeye ndo anataka, njia ipo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Mnaenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri iliyoshughulikia faili, sio kata tu, maana faili la kuasili linapita mpaka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Afisa ndo anatakiwa kumtafuta yule mama kimyakimya na kumuuliza kama yuko tayari, na akisema hapana, mnaheshimu. Msajili wa RITA, ile ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, nae ana daftari la watoto walioasiliwa, ila zile kumbukumbu zinazounganisha usajili wa kwanza wa kuzaliwa na huu mpya hazifunguliwi kwa kila anayeuliza, mpaka kwa amri ya mahakama, kwa hiyo mtu akikwambia mpe laki mbili akutolee RITA mkimbie.

Lakini mimi kwa umri wake nisingekimbilia kumtafuta. Kidato cha pili ana mtihani wa taifa, mwili unabadilika, ndo kwanza mwaka mmoja tangu ajue. Kuna jambo ambalo linajibu swali lake moja kwa moja na halimgusi mtu yeyote vibaya, ni barua. Andika wewe barua yako kwa yule mama, ya mkono, usiweke anwani wala jina la shule. Mwambie mtoto yupo hai, ana afya, anapenda nini, anacheka namna gani, mwambie zile chanjo ulizikuta zimejazwa na ulizimalizia. Mwambie asante kwa jina lako mwenyewe. Barua hiyo iombe ofisi ya ustawi waiweke kwenye faili. Ikitokea siku yule mama akarudi kuuliza mtoto wangu alikuwaje, na wanarudi, nimewaona, wengine wanakuja baada ya miaka mingi wamevaa vizuri wanakaa kwenye benchi wanashindwa kuanza kuongea, basi afisa ana kitu cha kumpa. Wapo niliowaona wakiambiwa tu "yupo mzima anasoma" wakainuka wakaenda zao na uso mwingine kabisa.

Binti nae akitaka kuandika yake, sawa, asipotaka usimlazimishe, na yake usiisome.

Na kuhusu Siku ya Mama, huko Seattle Marekani akina mama waliotoa watoto walianzisha siku yao wenyewe mwaka 1990, Jumamosi, siku moja kabla ya ile Jumapili ya Mama, kwa sababu ile Jumapili kila mtu anapewa maua na wao hakuna anayewakumbuka. Binti yako bila kuambiwa na mtu kaliona hilohilo akiwa amesimama kanisani Kimara. Mwakani Jumamosi ile mnaweza kununua ua moja zaidi mkaliweka kwenye glasi mezani, au mkapika kitu, au msifanye chochote mkaongea tu. Mwulize yeye, ndo mwenye wazo.

Kwa wiki hii fanya mawili. Kadi ipige kopi, orijino usiipeleke kulaminishwa maana wino wa zamani unaweza kuharibika na moto, iweke kwenye bahasha ngumu pamoja na kopi ya amri ya mahakama, alafu mkae watatu na baba yake umuonyeshe. Na hiyo barua ukiipeleka ustawi, peleka na kopi yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo, manake maafisa wanahama na mafaili yanahama, na miaka kumi ijayo akija mtu kuulizia uwe na cha kuwaonyesha kwamba ilifika.